Neno Ambalo Basilia Hakulielewa

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijafika, Basilia alikuwa na kazi ya kuwasemea watu. Aliishi katika mtaa wa nyumba za trela, nje kidogo ya mji wa Carrow, jimboni Mississippi. Karibu kila mtu mzima pale mtaani alifanya kazi katika kiwanda cha kuku. Wengi wao walitoka milima ya Guatemala, na lugha yao ilikuwa Kimam. Kihispania walikijua kidogo, cha kuombea maji. Kiingereza kiliwapiga chenga kabisa. Basilia, msichana wa miaka kumi na miwili, alikijua.

"Basilia! Hebu mpigie msimamizi wangu," jirani mmoja alimwita dirishani huku Basilia bado anatafuna tortila, chapati ya mahindi, na maharage. "Mwambie mgongo umekataa leo."

Basilia akapiga simu, akasema. Kabla hajairudisha, jirani mwingine alikuwa ameshafika na fundi wa mabomba aliyekuwa akipiga kelele kwa Kiingereza. Basilia akawasikiliza wote wawili, akawapatanisha, kisha akachukua begi lake na kukimbilia kituoni.

"Huyu ndiye mdomo wetu," alisema Petrona, mama yake mdogo, aliyekuwa hapitwi na utani. "Siku akiumwa jino, mtaa mzima utakuwa bubu."

Watu walicheka, naye Basilia akajiona mrefu kuliko alivyokuwa. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Si kila neno la Kiingereza alilielewa. Akikutana na neno asilolijua, aliliruka kama mtu anavyoruka dimbwi, akaendelea na safari. Hakuna aliyewahi kugundua.

Wiki hiyo mama yake, Micaela, alijifungua mtoto wa kiume katika hospitali ya mji. Walimwita Anselmo. Siku ya kutoka hospitali, Basilia hakwenda shule. Alikwenda na baba yake, Desiderio, kuwachukua mama na mtoto.

Muuguzi aliyewahudumia aliitwa Darlene, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Alieleza kwamba kulikuwa na mkalimani wa Kimam ambaye wangeweza kuzungumza naye kwa simu, ila ingebidi wamngoje kidogo, naye Basilia akawafasiria wazazi.

Baba akatazama saa ya ukutani. Zamu yake kiwandani ilikuwa inakaribia. Basilia alimwona.

"Hakuna haja ya kungoja," alimwambia muuguzi. "Mimi naweza. Huwa nafanya kila siku."

"Una uhakika, mpenzi? Haya ni mambo ya watu wazima."

"Nina uhakika."

Kengele ya mgonjwa mwingine ilikuwa inalia huko ukumbini. Muuguzi Darlene akasitasita, kisha akavaa miwani yake na kuanza.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri sana. Muuguzi alisema mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake, asipewe maji wala chai ya majani, na anyonye mara kwa mara, mchana na usiku. Basilia akaeleza. Muuguzi alisema mtoto alazwe chali, bila mto wala mablanketi mazito karibu na uso. Basilia akaeleza. Alisema kitovu kiachwe kikauke chenyewe, kisipakwe kitu, na kila anayetaka kumshika mtoto anawe mikono kwanza. Basilia akaeleza hayo yote bila kukwama. Mama aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Baba alitabasamu peke yake kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Kisha muuguzi akasema neno ambalo Basilia hakuwahi kulisikia. Lilisikika kama jina la mtu: Jondis. "Mwangalieni sana kwa ajili ya Jondis," alisema, kisha akaendelea haraka haraka, sentensi ndefu moja. Basilia alikuwa bado amebaki nyuma, anajiuliza huyo Jondis ni nani. Ni daktari? Ni mtu atakayekuja nyumbani? Alipozinduka, muuguzi alikuwa anamalizia: "...basi msingoje Jumatatu. Mleteni mara moja. Umeelewa, mpenzi?"

Mashavu ya Basilia yalipata moto. Baba alikuwa anamtazama kwa fahari. Mama alikuwa anamtazama kwa kungoja. Yeye ndiye aliyesema anaweza.

"Nimeelewa," akajibu.

"Amesema nini?" mama akauliza.

"Amesema mtoto ni mzima. Tumrudishe Jumatatu wamwangalie."

"Maneno yote yale, ni hayo tu?"

"Wamarekani husema maneno mengi, mama," alisema Basilia, na baba akaangua kicheko. Mama naye akacheka, huku ameshika tumbo lililokuwa bado linamuuma. Wakaondoka.

Nyumbani, Petrona alikuwa ameshaandaa kila kitu. Mapazia yalikuwa yamefungwa ili upepo usimpige mzazi. Supu ya kuku ilikuwa jikoni, na bafuni kulikuwa na sufuria ya majani yaliyochemshwa ya kumkandia mzazi, kwa sababu huku hapakuwa na chumba cha mvuke kama cha kule milimani. Mtoto alivalishwa kofia ya sufu na kufungwa uzi mwekundu mkononi wa kumkinga na jicho baya. Mwanzoni Anselmo alilia kwa sauti kubwa na kunyonya kwa pupa. Baadaye akatulia. Akawa analala, analala tu.

"Mtoto mpole huyu," walisema majirani waliokuja kumwona. "Wangu alinitesa, lakini huyu hata husikii kama yupo."

Kazi ya Basilia ilikuwa kubadilisha nepi. Aliona kwamba nyingi zilikuwa kavu, naye akafurahi, kwa kuwa kazi ilikuwa nyepesi.

Ijumaa, wakati wa chakula cha mchana shuleni, alikaa na rafiki yake Keyonna. Keyonna alikuwa na maneno mengi, na siku hiyo alitaka kujua kila kitu kuhusu mtoto.

"Analia?"

"Halii kabisa. Analala tu."

"Una bahati! Wetu alipozaliwa alikuwa wa njano kama basi la shule. Nakwambia, njano mpaka macho! Jondis. Walimlaza uchi chini ya mataa, bibi yangu akalia mpaka wauguzi wakamletea kiti."

Basilia aliweka uma wake mezani. "Jondis ni nini?"

"Si ndiyo nakwambia? Manjano ya watoto wachanga. Ngozi inakuwa ya njano, macho pia. Mtoto anasinzia tu, hataki kunyonya. Daktari alimwambia mama yangu kwamba ikizidi inaweza kuharibu ubongo." Keyonna akamwangalia. "Huli hivyo viazi?"

"Kula wewe," alisema Basilia, akamsogezea sahani.

Alasiri hiyo, basi lilipomshusha, alikimbia mpaka nyumbani. Alikuwa amepanga maneno yake yote. Lakini alipofungua mlango, alikuta chumba kimejaa wanawake wa mtaani, na Petrona katikati yao anasimulia.

"Basi muuguzi anasema, huyu anasema. Muuguzi anasema, huyu anasema! Hakukwama hata mara moja. Shemeji mwenyewe kaniambia. Njoo hapa, mdomo wetu, usalimie watu."

Wanawake wakampigia makofi. Basilia alisimama mlangoni na yale maneno aliyoyapanga yakamkauka mdomoni. Angewezaje kusema sasa, mbele ya watu wote hawa, kwamba hakuelewa, na kwamba alidanganya? Akajiambia huenda mtoto hana kitu. Akajiambia Jumatatu si mbali.

Wageni walipoondoka, alisogea kitandani. Chumba kilikuwa na giza, na kofia ilimfunika Anselmo mpaka kwenye nyusi. Hakuweza kuona rangi yake.

"Mama, mwamshe anyonye."

"Nimejaribu. Ananyonya kidogo tu, analala. Mwache, amechoka kuzaliwa."

"Basi tufungue pazia kidogo."

"Pazia!" Petrona aliruka kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Unataka upepo umpige dada yangu? Nani kakufundisha hayo?"

Hapo ndipo angesema. Neno lilifika kwenye ncha ya ulimi, naye akalimeza. Siku hiyo alikula kidogo, na baba alipomuuliza kama anaumwa, alisema ana kazi nyingi za shule. Huo ulikuwa uongo wa pili, nao ulimtoka kirahisi kuliko wa kwanza. Hilo ndilo lililomtisha.

Asubuhi ya Jumamosi baba alikwenda kazini. Mama alikuwa kitandani anakunywa uji wa mahindi, na Petrona anafua. Basilia alimchukua mtoto kumbadilisha nepi. Badala ya kumlaza chumbani kama siku zote, alimpeleka jikoni, kwenye dirisha dogo lisilo na pazia, akamvua kofia.

Alitamani asingemvua. Uso wa Anselmo ulikuwa wa njano. Kifua kilikuwa cha njano. Mtoto alipofumbua macho kidogo, weupe wake haukuwepo. Yalikuwa kama kiini cha yai. Nepi ilikuwa kavu tangu alfajiri. Basilia akamtekenya nyayo, jambo ambalo siku za mwanzo lilimfanya apige kelele mtaa mzima usikie. Anselmo alitoa sauti nyembamba kama ya kitoto cha paka, akafumba macho tena.

Basilia alimfunika mdogo wake huyo, akambeba kwa mikono miwili hadi kitandani.

"Mama, nilikudanganya."

"Umenidanganya nini?"

"Siku ile hospitali. Muuguzi alisema neno sikulielewa. Nikasema nimeelewa. Alikuwa anasema mtoto anaweza kuwa wa njano, na akiwa wa njano tusingoje Jumatatu. Tumpeleke mara moja." Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini hakuyafuta. "Mtazame macho, mama. Jana nilijua. Nilijua jana nikaona aibu kusema."

Petrona alikuwa amesimama mlangoni, povu la sabuni likimdondoka viganjani. "Ulijua jana?" alisema polepole. "Jana, mimi nikikusifu hapa, wewe ulikuwa unajua?" Akapiga hatua moja mbele, mkono ameuinua.

"Petrona," alisema mama. Sauti yake ilikuwa ya chini, na tayari alikuwa anashusha miguu kitandani. "Funguo za gari. Kwanza mtoto."

Petrona alishusha mkono. Akajifuta mapajani na kukimbilia gari.

Walikwenda na gari lake kuukuu la mizigo, watatu wamebanana mbele, mtoto katika kiti chake katikati. Mama alikuwa amejifunika shali kichwani, na upepo aliokatazwa ulikuwa unaingia dirisha lisilofunga. Njia nzima hakuna aliyemkaripia Basilia. Angependa wamkaripie. Kila gari liliposimama kwenye taa nyekundu alihisi kana kwamba yeye ndiye aliyeiwasha.

Hospitalini walimkuta Muuguzi Darlene. Safari hii Basilia hakungoja aulizwe.

"Ulisema neno Jondis," alisema. "Nikasema nimeelewa. Sikuelewa. Sikumwambia mama. Kosa ni langu, mama hana kosa."

Muuguzi alimtazama mtoto, hakumtazama Basilia. Akabonyeza ngozi ya kifua kwa kidole, akaita daktari, na mara chumba kikajaa watu. Walimtoboa Anselmo kisigino wakachukua damu. Kisha wakamvua nguo, wakamfunika macho kwa kitambaa laini, wakamlaza chini ya mataa ya bluu. Wakamsaidia mama kukamua maziwa, na mtoto akanyweshwa kidogo kidogo.

Daktari, kijana mwembamba wa kiume, aliagiza mkalimani. Hakumwomba Basilia, wala Basilia hakujitolea. Simu ikawekwa mezani, na baada ya muda ikatoka sauti ya mwanamume akiwasalimu kwa Kimam, kwa lafudhi ileile ya milimani kwao. Alisema anaitwa Eusebio. Mama aliposikia lugha yake ikitoka kwenye kile chombo, alijifunika uso kwa shali na kulia kwa mara ya kwanza.

Daktari akaanza kueleza. Bwana Eusebio akawa anageuza kila sentensi, taratibu, bila kuruka kitu. Basilia alisimama pembeni akisikiliza. Katikati ya maelezo, daktari akataja neno refu sana la kidaktari.

"Samahani, daktari," ilisema sauti simuni kwa Kiingereza. "Neno hilo silijui. Naomba unieleze ni nini, ndipo nimwambie mama." Kisha kwa Kimam: "Subiri kidogo, mama. Daktari amesema neno sijalielewa, namuuliza kwanza."

Daktari hakucheka. Hakukunja uso. Alieleza kwa maneno mepesi kwamba ni kitu cha njano kinachobaki katika damu, na kwamba mwili wa mtoto mchanga huchelewa kukitoa. Maziwa humsaidia kukitoa kwenye haja. Mtoto akisinzia mno asinyonye, kinazidi kujaa, na kinapojaa anazidi kusinzia. Watoto wengi hupata manjano kidogo na kupona, lakini kikizidi kinaweza kufika kwenye ubongo. Anselmo alikuwa amefikia kiwango kibaya. Wamemleta kabla hakijamdhuru. Wangengoja hadi Jumatatu, asingeweza kusema hivyo.

Basilia alisikia yote hayo mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kimam. Lakini kilichomrudia kichwani ni lile neno dogo la Bwana Eusebio. Mtu mzima, na kazi yake ni hiyohiyo, alisema "silijui" mbele ya daktari, na hakuna kilichoanguka.

Baba alifika mchana na mabuti yake ya mpira, hakubadilisha hata nguo. Petrona alikuwa ameshamsimulia kila kitu kwa simu. Basilia alisimama, akainamisha kichwa.

Baba alitazama taa za bluu. "Kiwandani leo nilikuwa nawaambia kuhusu wewe," alisema. Basilia aliona afadhali angepigwa. Baadaye baba akajikuna shingo. "Na mimi niliitazama saa. Muuguzi alisema tungoje, nami nikatazama saa."

"Mimi ndiye sikupaswa kukubali," alisema Muuguzi Darlene, simu ikigeuza maneno yake. "Mtoto hapewi mzigo wa namna hii. Nilikuwa na haraka. Naombeni radhi."

Anselmo alilazwa chini ya mataa mpaka mwanzo wa wiki. Asubuhi moja Basilia alipoingia na Petrona, alisikia kilio kutoka mwisho wa ukumbi, kilio kikali cha mtu aliyekasirika. Alikuwa Anselmo, ameloa nepi yote, anadai maziwa. Petrona alicheka mpaka akashika ukuta. "Msikie! Mpole gani huyu? Huyu ni mgomvi kama mimi."

Basilia alinawa mikono, akambadilisha nepi ile nzito, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa alivuta pumzi mpaka mwisho. Lakini mama alikuwa bado hajazungumza naye. Walipobaki wawili, akamwita karibu.

"Mimi sikukasirika kwa sababu hukujua neno," alisema mama. "Hata mimi sijui maneno yao. Nilikuuliza, 'Ni hayo tu?' Nilikupa mlango wa kutokea. Ukanichekesha, nami nikacheka. Hicho ndicho kinachoniuma."

"Nisamehe, mama. Hutaniamini tena?"

"Leo bado. Nitakuamini tena, lakini haitakuwa leo." Mama alimpangusa shavu kwa upande wa kidole. "Mwanangu, neno usilolijua liulize. Utaona aibu, naam. Ione aibu hiyo, uulize hivyohivyo, itapita kabla hujafika mlangoni. Ile uliyoificha uliiona inavyokua. Siku chache tu, ikataka kumla mdogo wako."

Basilia aliitikia kwa kichwa.

"Sasa sikiliza. Mtaani kuna wajawazito wawili. Tukifika nyumbani utawaendea. Utawaambia neno lile na maana yake. Uwaambie wamwangalie mtoto kwenye mwanga, wayatazame macho, wahesabu nepi zilizolowa, wasimsifu anayelala tu bila kunyonya. Na utawaambia umelijuaje."

"Na ile sehemu yangu, mama? Kwamba nilidanganya?"

"Hasa hiyo. Wasipoijua, nao wataona aibu kuuliza."

Kesho yake, wakiwa wamerudi nyumbani, Basilia alikwenda kwenye trela ya kijani iliyo mwisho wa mtaa. Mwenye nyumba, mwanamke kijana aliyekuwa karibu kujifungua, alimfungulia kwa furaha. "Karibu, mdomo wetu! Nasikia mtoto amepona. Kaa, nikuletee uji."

"Asante, dada. Kwanza nina jambo la kusema," alisema Basilia. Uso ulimwaka tena, uleule moto wa siku ile hospitalini. Safari hii hakuumeza. "Kuna neno la Kiingereza, Jondis. Nilipolisikia mara ya kwanza sikulielewa, nikajifanya nimelielewa. Nataka nikueleze kilichotokea."